Soma Gamba Kabla ya Kushika Msumeno

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango: habari zenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutia njumu kwenye gitaa, yaani kulipamba kwa vipande vya gamba vinavyozamishwa ndani ya mbao. Wengi wetu tukisikia njumu tunafikiria mchoro kwanza: ua, ndege, jina la mwenye gitaa kwenye ubao wa vidole. Leo mchoro nitauacha kando. Nataka turudi mpaka kwenye gamba lenyewe, likiwa bado na ukoko mgongoni na harufu ya bahari haijaisha. Mkono wa kukata hufunzwa, na baada ya muda mafundi wengi hukata vizuri tu. Pale njumu moja inapoizidi nyingine ni mapema zaidi, fundi alipolichagua gamba, akaligeuza kwenye mwanga, akaamua sehemu ipi itoke na upande upi uangalie juu. Anayenunua vipande vya mraba vilivyokwisha kusawazishwa amemwachia uamuzi huo mtu asiyelijua gitaa lake. Simlaumu, hata mimi hununua. Ila ajue alichokiacha.

Tuanze na kinachong'aa. Lulumizi, yaani tabaka la ndani la gamba linalong'aa, haina ile rangi tunayoiona. Isage iwe unga, utabaki na vumbi jeupe au la kijivu; kijani na waridi vimekwenda zake. Mnyama huujenga upande wa ndani wa gamba lake kwa vibamba vya aragoniti, ambayo ni aina ya kalisi kaboneti, na kila kibamba kina unene wa karibu nusu ya mikroni. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vibamba hivyo hushikana kwa utando wa protini iitwayo konkiolini. Sasa, unene huo unakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona. Mwanga unaorudi kutoka tabaka la juu hukutana na ule unaorudi kutoka matabaka ya chini yake, rangi nyingine zikatiana nguvu na nyingine zikafutana. Ndiyo maana ukikigeuza kipande kidogo tu, kilichokuwa kijani kinakuwa zambarau. Kipande cha milimita moja na nusu, unene tunaoutumia sana kwenye ubao wa vidole, kina matabaka kama 3,000. Kazi yetu yote ni kuyakata matabaka hayo bila kuuharibu mpangilio wake.

Magamba yenyewe yanatoka wapi? Jeupe linalotumika zaidi ni la chaza mkubwa wa lulu, Pinctada maxima, anayeishi kaskazini mwa Australia, Indonesia, Ufilipino na kuendelea hadi Myanmar. Akikomaa gamba lake laweza kukaribia sentimita 30, na ni nene, jambo ambalo mtaona umuhimu wake baadaye. Kuna mwenye mdomo wa fedha na mwenye mdomo wa dhahabu, na msidanganywe na jina: dhahabu iko ukingoni tu, katikati wote ni weupe. Nduguye mdogo, Pinctada margaritifera, mwenye mdomo mweusi, anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi mpaka visiwa vya Polynesia. Rangi yake ni ile ya kijivu yenye kijani na zambarau, nayo pia hukaa ukingoni na kufifia kuelekea katikati. Kwa hiyo kutoka gamba zima la mdomo mweusi, kile ulichokifuata ni utepe mwembamba tu wa pembeni.

Halafu kuna abaloni, ambaye si chaza, ni konokono wa baharini mwenye gamba moja lenye safu ya matundu ya kupumulia. Jekundu, Haliotis rufescens, na la kijani, Haliotis fulgens, ni ya pwani ya California na Mexico. Paua, Haliotis iris, ni wa New Zealand peke yake, mwenye buluu kali na mistari myeusi inayopita kati ya rangi. Abaloni ndiye aliyeyapa umaarufu magitaa ya kampuni ya C. F. Martin ya Marekani ya mtindo wa 45, ulioanza mwaka 1904, ambao kingo za kasha zimezungushiwa utepe wa gamba. Tangu hapo, mteja akisema anataka gitaa la kifahari, mara nyingi ndicho anachokiona kichwani mwake.

Niseme kidogo juu ya damu iliyomo katika historia hii, kwa sababu tunapenda kuisimulia kwa raha. Mji wa Broome, Australia Magharibi, uliinuka kwa gamba la Pinctada maxima kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na si kwa ajili ya magitaa bali vifungo vya mashati. Wenyeji Waaborijini walilazimishwa kuzamia. Baadaye wakaja wazamiaji kutoka Japani na visiwa vya Asia, na mamia yao walikufa, wengine kwa vimbunga, wengine kwa ugonjwa unaompata anayepanda haraka kutoka kwenye kina. Vifungo vya plastiki vilipoingia, biashara ile ikaporomoka. Leo gamba jeupe jipya hutufikia zaidi kupitia ufugaji wa lulu: chaza akishamaliza kazi ya lulu, gamba lake huuzwa. La paua vivyo hivyo, watu hula nyama, gamba hubaki. Kwangu mimi hilo ndilo gamba la kutafuta kwanza, lile ambalo mnyama hakuuawa kwa ajili ya pambo langu.

Na hapa niingie kwenye sheria, hata kama mnaanza kupiga miayo. Jimbo la California lilifunga uvuvi wa kibiashara wa abaloni mwaka 1997. Mwaka 2001 abaloni mweupe, Haliotis sorenseni, aliwekwa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka, akiwa wa kwanza kati ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo kufika huko. Mweusi akamfuata mwaka 2009. Uvuvi wa kujifurahisha wa abaloni jekundu nao ukafungwa mwaka 2018, na hata ulipokuwa wazi, aliyezamia kwa leseni ya kujifurahisha hakuruhusiwa kuuza alichokitoa. Kwa hiyo mtu akikuletea gunia la magamba makubwa mekundu na kusema ni ya shemeji yake aliyekuwa mzamiaji, muulize shemeji alikuwa na leseni gani.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe, unatugusa pia. Chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna wako katika Kiambatisho cha Pili, orodha ya viumbe ambao biashara yao huhitaji kibali, tangu mwaka 1985, na kombe la malkia la Karibi tangu 1992. Nautilasi, mnyama wa baharini mwenye gamba la kuviringana, aliongezwa katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, mkutano ule ule uliowatia homa watengenezaji wa magitaa kwa sababu ya mbao za Dalbergia. Kwa mbao, ala zilizokamilika zilipata nafuu mwaka 2019, isipokuwa zile za Dalbergia nigra ya Brazil, ambayo iko Kiambatisho cha Kwanza, orodha kali zaidi, tangu 1992. Nautilasi hakupata nafuu ya namna hiyo. Marekani nao huhesabu gamba kuwa bidhaa ya wanyamapori, na anayeliingiza au kulitoa nchini kibiashara hutakiwa kulitangaza kwa US Fish and Wildlife Service, idara yao ya wanyamapori, hata likiwa nukta ndogo kwenye shingo ya gitaa. Chaza wa lulu na paua hawako kwenye orodha za CITES, lakini karatasi ni karatasi. Mimi nataka risiti inayotaja jina la kisayansi na nchi alikotoka mnyama. Iliyoandikwa "gamba la baharini, kilo moja" haitanisaidia mzigo ukizuiwa.

Haya, tuje kwenye raha. Nimeshika hapa abaloni jekundu. Mgongo wake, kama mnavyoona, hauna sifa yoyote: ukoko wa rangi ya matofali, magamba madogo ya wanyama wengine, mwani uliokauka. Nikilipindua, ndani kuna rangi nyepesi iliyotulia, na hapa katikati kuna doa lenye mikunjo ambalo rangi zake zinapigana. Hili ni kovu la msuli, mahali mnyama alipojishikiza. Wafanyabiashara huliita moyo, na huliuza kwa bei ya juu kuliko sehemu nyingine, na ni haki yake. Lakini mikunjo hiyo ina maana kwamba matabaka hayako tambarare, na mahali yanapokunjana ndipo yanapoachana. Moyo wa abaloni hufaa kwa kipande kikubwa kilichotulia, kama nyota au mwezi kwenye kichwa cha gitaa. Ukiukata kwa mistari myembamba ya herufi, utavunjika mkononi.

Sasa nawasha tochi nyuma yake. Wa mbele mnaiona ile michirizi myeusi inayopinda? Hizo ni njia za minyoo na sponji wanaotoboa gamba mnyama akiwa hai. Kwa nje kuna kitundu kidogo cha kuingilia, kwa ndani mnyama ameziba kwa lulumizi mpya, kwa hiyo uso unaonekana mzima. Ukisaga nusu milimita, handaki linafunguka katikati ya petali lako. Tochi haidanganyi kwenye gamba jembamba. Kwenye gamba nene mwanga haupiti vizuri, na hapo nasikiliza: nagonga ukingo kwa ukucha. Gamba zima hulia kwa mlio mkavu wa juu, lililotobolewa au kuachana matabaka hutoa mlio uliozibika.

Magamba ya kuokota ufukweni yapendezayo macho, yaacheni pale. Jua na mawimbi vimekwisha kula protini inayoshikilia matabaka, yamekuwa chokaa. Kwa sababu hiyo hiyo, usifuate ule ushauri wa kuloweka gamba kwenye klorini ili liwe safi. Klorini hushambulia konkiolini, na siki hula kalisi, hivyo kimoja kinaondoa gundi na kingine kinaondoa tofali. Maji, brashi ngumu na uvumilivu vinatosha.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwanafunzi wangu huikwepa, nami siachi kuirudia. Gamba limepinda, gitaa linataka kipande bapa. Unapokata kipande kutoka gamba lililopinda, katikati yake na pembe zake haviko usawa mmoja, na tofauti hiyo ndiyo utakayolazimika kuisaga. Ukubwa wake ni upana wa kipande ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mpindo. Chukueni gamba ambalo mpindo wake una nusu kipenyo cha milimita 80. Kipande cha upana wa milimita 40 kina mpindo wa milimita 2.5. Maana yake, ili upate bapa la milimita moja na nusu unahitaji gamba lenye unene wa milimita 4 za lulumizi safi, bila ukoko. Abaloni wengi hawana. Punguza upana uwe milimita 20 na mpindo unashuka hadi milimita 0.6 na kidogo, yaani robo, si nusu. Gamba lile lile lililoshindwa kutoa kipande kimoja kikubwa linatoa viwili vizuri. Anayepanga mchoro wake kwa vipande vidogo vinavyoungana anapata rangi bora kuliko anayeng'ang'ania kipande kimoja, na maungio yakifuata mistari ya mchoro hakuna atakayeyaona.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Unaposawazisha gamba lililopinda, unakata kupitia matabaka, na kingo zake huonekana usoni, mstari baada ya mstari, kama mistari ya urefu kwenye ramani ya milima. Wapo wanaoipenda michoro hiyo, nami ni mmoja wao kwa abaloni. Kwa gamba jeupe, hapana. Mng'ao hugawanyika, upande mmoja ukiwaka na mwingine ukizima. Kwa jeupe natafuta sehemu iliyotulia na kusaga kidogo kadiri iwezekanavyo upande wa ndani, nikiutoa unene wote mgongoni.

Kukata kwenyewe hufanyika majini. Naweka alama kwa penseli, nakata vipande kwa msumeno wa duara wa almasi unaomwagiwa maji, ule wa kukatia vigae hufaa kwa kazi ya mwanzo. Kisha nasawazisha kwenye sahani ya almasi au msasa wa maji uliobandikwa kwenye kioo. Maji yana kazi mbili. Ya kwanza ni kupoza: gamba likipata moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua, ambayo ndiyo protini inayoondoka, na baadaye utaona doa jeupe lisilofutika au matabaka yaliyoinuka. Ya pili ni vumbi.

Juu ya vumbi nisimame kidogo. Kuna uvumi kwamba vumbi la abaloni ni sumu ya kuua papo hapo; si kweli, na uvumi wa kupita kiasi huwafanya watu wapuuze hatari iliyopo. Ni unga mkali mwembamba uliochanganyika na protini, unasumbua mapafu na wako watu ambao miili yao huukataa kwa mzio mkali. Karne ya 19, madaktari wa Vienna waliandika kuhusu vijana waliokuwa wakichonga lulumizi kwenye karakana, ambao mifupa yao iliyokuwa bado inakua ilivimba na kuuma. Kwa hiyo barakoa ya vichujio inayokaa sawasawa usoni, si kitambaa. Kifyonza vumbi karibu na mkono. Na tope lile la kusagia lifutwe likiwa bado bichi, maana likikauka linarudi kuwa vumbi na unalivuta kesho yake asubuhi unapofagia.

Kwa mchoro mdogo tunarudi kwenye msumeno wa sonara. Nakala ya mchoro kwenye karatasi, gundi juu ya kipande, ubao wa kukatia wenye mwanya wa pembe tatu mbele ya kifua. Bledi namba 3/0 ina unene wa karibu robo ya milimita na inafaa kwa kazi nyingi; meno yaangalie chini, ili gamba libanwe kwenye ubao badala ya kuinuliwa. Msumeno usimame wima, na kinachogeuka ni gamba. Kwenye kona kali, endelea kupandisha na kushusha msumeno pale pale bila kusukuma mbele, huku ukizungusha kipande polepole mpaka bledi ijitengenezee nafasi. Wanaoanza husukuma. Gamba halisukumwi, bledi itavunjika, au mbaya zaidi, ncha ya jani itavunjika na bledi ibaki nzima. Kata nje kidogo ya mstari, malizia kwa tupa ndogo.

Juu ya zile karatasi za gamba zilizobandikwa matabaka membamba kwa gundi ya epoksi, nitasema upesi. Zinapunguza upotevu sana, na kwa utepe mrefu wa pembezoni mwa kasha sioni sababu ya kuzikataa. Kwa kipande kikubwa chenye sura, sizitumii, kwa kuwa zimeungwa kwa vipande na jicho huyaona maungio.

Kabla ya kuchimba mbao, fanyeni jambo moja ambalo halina gharama. Lowesheni kila kipande, kiwekeni chini ya taa moja tu, zima nyingine zote, na kizungusheni. Kuna upande ambao kinawaka na upande ambao kinakufa. Kwenye upande wa kuwaka chora mshale mdogo wa penseli mgongoni. Vipande vya utepe visipofuata mshale mmoja, utepe utaonekana una meno yaliyong'oka, hata kama kila kipande ni kizuri peke yake. Halafu jiulizeni mshale uelekee wapi. Mpiga gitaa hutazama shingo kutoka juu, msikilizaji hutazama kutoka mbele, na taa za jukwaani hutoka juu. Alama za pembeni mwa ubao ni za mpigaji. Ua la kwenye kichwa ni la watazamaji. Mimi huamua kipande kwa kipande, na naandika uamuzi huo kwenye mchoro.

La mwisho ni unene, maana hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Ubao wa vidole si bapa, una mgongo. Kwenye ubao wenye nusu kipenyo cha inchi 12, karibu milimita 305, kipande cha upana wa milimita 40 kitasagwa zaidi ya nusu milimita pembezoni ili kifuate mgongo ule. Ukianza na milimita moja na nusu, pembeni inabaki kama milimita 0.8, na bado kuna siku freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao, zitabadilishwa na ubao utasagwa tena. Ukianza na milimita moja, siku hiyo fundi mwingine atafika kwenye gundi. Kichwa cha gitaa ni bapa, hapo jembamba linatosha. Tundu lichimbwe pungufu kidogo ya unene wa gamba, epoksi ichanganywe na unga wa mbao ile ile ya ubao, na usage kwa kipande cha mbao chenye mgongo uleule, si kwa kidole. Gamba na mti mweusi mgumu havilingani kwa ugumu. Kidole kitachimba pale palipo laini.

Magamba yako mezani upande wa kushoto, na tochi ziko pale. Yale yenye utepe mwekundu yametobolewa na minyoo. Nimebandika utepe kwa chini, kwa hiyo jaribuni kuyatambua kabla ya kuyapindua. Barakoa ziko kwenye boksi, msumeno wa maji utawashwa baada ya chai, na wenye nautilasi mikobani wasinionyeshe kama hawana karatasi. Sasa nipeni maswali.